Wasomaji Wanauliza: Naenda kukimbia Berlin na familia nzima, nipangeje?

Safari hii barua ni tatu, moja ya Tabora na mbili za Kigoma. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ina mambo mengi na najua kuna wengine wengi wenye shida kama hiyo.

SWALI

Dada habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma naishi Gungu, nakimbia na wenzangu wa jogingi, Jumamosi tunashuka mpaka Ujiji na kurudi. Mwaka jana nilijaza droo ya Berlin Marathon kwa kujaribu tu, nafasi ikatoka, mbio ni Septemba. Sasa mdogo wake mke wangu anaishi hukohuko Berlin, aliposikia akasema njooni wote mtakaa kwangu, basi safari imekuwa ya watu watano: mimi, mke wangu, binti wa miaka 9, mdogo wake wa miaka 4 na mama yangu mzazi ambaye hajawahi kupanda ndege. Mke wangu kaandika orodha ya sehemu za kutembelea na zote kaziweka siku tatu za mwanzo kabla ya mbio. Nikimwambia nahitaji kupumzisha miguu ananijibu kwa hiyo sisi tunaenda Ulaya kukutazama umelala? Afu njiani watanionaje kwenye umati ule, na mama nimwache wapi? Nategemea kumaliza kwa masaa manne na nusu hivi. Nisaidie maana nyumbani maneno yameshaanza.
Baba Wawili, Gungu, Kigoma

JIBU

Kaka hongera sana, hiyo droo kuna watu wanaijaza kila mwaka na haiwatoi. Na mshukuru shemeji yako mapema, maana wikiendi ya mbio hoteli za Berlin zinajaa na bei zinapanda, kwa familia ya watu watano hapo ungelia.

Orodha ya mama watoto msifute hata sehemu moja. Igeuzeni tu ianzie Jumatatu. Mbio ni Jumapili, nyie fikeni Jumatano au Alhamisi, halafu mbakize siku nne tano baada ya mbio ambazo wewe huna kauli kabisa, unafuata ratiba ya mkeo na ya mama, miguu ikiuma unatembea hivyohivyo polepole na wala haina madhara, kutembea taratibu siku zinazofuata kunalegeza misuli. Kuna wanaoweka mbio mwisho wa likizo, mimi sishauri hata kidogo, maana likizo nzima mkimbiaji anakuwa na roho juu, hali hiki, hatembei pale, saa mbili usiku anataka taa zizimwe, watoto wanamuona baba mkali kumbe ana hofu ya Jumapili.

Na mkeo ongea naye kwa tarehe. Ukisema tu "nahitaji kupumzika" yeye anasikia safari nzima. Mwambie naomba Jumamosi moja, kuanzia Jumatatu mimi ni wenu, mwandikie kabisa kwenye kalenda ya ukutani na watoto waone. Nakuhakikishia maneno yatapungua.

Ijumaa nendeni wote kuchukua namba. Namba ya kifuani lazima uichukue mwenyewe na pasipoti mkononi, hakuna kumtuma shemeji, na pale wanakufunga mkanda wa mkononi ambao huutoi mpaka umalize mbio, kwa hiyo usiukate ukienda kuoga. Namba zinatolewa kwenye maonyesho ya mbio, yanafanyika Tempelhof, uliokuwa uwanja wa ndege, wakaufunga 2008 na tangu 2010 eneo lote la nje liko wazi kwa watu, njia zilezile za kurukia ndege leo watoto wanaendeshea baiskeli na kurusha tiara. Wewe ingia ndani chukua namba utoke, wao wawe nje huko wanakimbizana, hiyo tayari ni sehemu moja ya orodha mmeshaitembelea. Usizunguke kwenye mabanda ya raba masaa matatu. Na kama kuna kitu nakukataza kwa nguvu zote ni kununua raba mpya Ijumaa ukakimbie nazo Jumapili, vaa zile ulizozoea barabara ya Ujiji, na kwenye ndege zipande nawe kwenye begi la mkononi, begi kubwa linaweza kuchelewa, raba zako zisichelewe.

Jumamosi watoke na shemeji bila wewe. Mama mzazi mimi ningembakiza na wewe nyumbani, mtu hajawahi kupanda ndege, kavuka bahari, kaona baridi kwa mara ya kwanza, atashukuru kukaa na mwanae siku moja mnywe chai mpige stori. Kuleni wali, viazi, mkate, vitu ambavyo tumbo lako linavijua. Msijaribu kubeba nyama wala maziwa kutoka huku, Ulaya hawaruhusu abiria kuingia navyo, watawanyang'anya tu uwanjani.

Sasa kuhusu kuonana njiani, hapa nitakaa kidogo maana ndipo familia nyingi zinapoumia. Mtu anasimama masaa manne na mtoto mgongoni, mume kapita hakuonekana, jioni kila mmoja kanuna. Kwanza wasiende kusimama kwenye mstari wa mwisho. Najua kila mtu anataka picha ya kupita Geti la Brandenburg, na kweli ni pazuri, wakimbiaji walianza kulipita mwaka 1990 siku tatu tu kabla Ujerumani mbili hazijaungana, watu walikuwa wanakimbia huku wanalia. Lakini kwa bibi na mtoto wa miaka 4 pale hapafai, umati ni mkubwa mno na njia zinafungwa.

Berlin ina bahati ya treni za chini ya ardhi, kuna laini inaitwa U7. Waende stesheni ya Hermannplatz, wakitoka juu wako kwenye njia ya mbio, ni kama kilomita ya 15. Ukishapita wanarudi chini wanapanda U7 hiyohiyo bila kubadilisha mpaka Fehrbelliner Platz, wakipanda juu wako tena kwenye mbio, karibu na kilomita ya 32. Na pale kwenye 32 ndipo utawahitaji kwelikweli, kuanzia hapo miguu inakuwa mizito na kichwa kinatafuta sababu ya kusimama, ukimuona binti yako anapiga kelele baba baba utasogea tu. Mtoto chini ya miaka 6 halipi nauli kwenye treni za mji. Bibi na mdogo wanaweza kuishia Hermannplatz tu kisha shemeji akawarudisha, siyo lazima wote waende kote.

Kwa mwendo wako wa masaa manne na nusu utafika Hermannplatz baada ya kama saa moja na dakika 40, na Fehrbelliner Platz baada ya masaa matatu na dakika 25. Hesabu hizo zianze pale wewe unapovuka mstari. Mbio zinaanza saa tatu na robo asubuhi kwa wale wenye kasi, wengine mnaachiwa kwa makundi baadaye, kwa hiyo mkeo asianze kuhesabu na saa tatu na robo akadhani umeanguka njiani. Apu ya mbio inaonyesha ulipopita kwa sababu ya chipu, ila mtandao siku ile unaelemewa, wasiitegemee peke yake. Kubalianeni upande wa barabara, kulia au kushoto kwako unavyokimbia, na wao ndio wawe na kitu kikubwa cha kuonekana. Kwenye mbio ya watu zaidi ya 50,000 ni rahisi wewe uwaone waliosimama kuliko wao wakuone unayepita. Bendera ya Tanzania inatosha na inavuta macho, tena baada ya Simbu kuchukua dhahabu ya dunia kule Tokyo Septemba 2025 kwa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu, hata Wajerumani watawashangilia maana hiyo bendera wanaikumbuka vizuri.

Mkimaliza mkutane mbali na umati. Mimi ningechagua Hauptbahnhof, stesheni kuu, unaweza kwenda kwa mguu kutoka pale mnapomalizia, kuna joto, kuna vyoo, kuna chakula. Chagueni mlango mmoja mkaupige picha Alhamisi. Toka kwenye mstari mpaka utoke nje na medali, maji na begi lako ni nusu saa au zaidi, wasihangaike. Na muwe na makubaliano kwamba simu ikizima na muda mliopanga ukapita, kila mtu anarudi kwa shemeji. Hilo tu linaondoa presha nyingi sana kwa mama.

Jumatatu tembeeni nje tu, bustani, barabarani, mle vizuri. Jumanne, na hii naomba iwekwe juu kabisa kwenye orodha, wapelekeni watoto Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na mambo ya asili. Jumatatu wanafunga ndiyo maana nasema Jumanne. Mle ndani kuna mifupa ya dinosaria mrefu kupita mita 13, na alitoka kwetu, Tendaguru, Lindi, Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913 wakati wanatutawala, mifupa ikabebwa na watu wetu vichwani mpaka pwani. Binti wa miaka 9 atauliza kwa nini yuko huku wakati ni wa kwetu. Msimzimishe, ni swali zuri na watu wazima wanalijadili mpaka leo. Na kwa kuwa ni mtoto wa Kigoma mkumbushe MV Liemba, ilitengenezwa Papenburg hukohuko Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande ikaunganishwa hapo bandarini kwenu. Miaka ileile meli inakuja, mifupa inaondoka. Atakumbuka hiyo safari kuliko duka lolote.

Viza nipite haraka. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na miadi inajaa kwa hiyo msisubiri Agosti. Kila mtu na fomu yake hata wa miaka 4, ada ni euro 90 mtu mzima, euro 45 kwa binti wa miaka 9, mdogo wake hana ada. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 kwa kila mmoja. Mwaliko wa shemeji uwe wa maandishi, na barua ya kuthibitisha nafasi yako kwenye mbio iweke juu kabisa. Kigoma mpaka Dar msipange kufika siku ileile ya kuruka, iwe treni au ndege, laleni Dar usiku mmoja hata miwili. Dawa za mama zikae kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari, apate kiti cha kando ya njia ya kupita asimame anyooshe miguu, na sweta lake asilifungie kwenye begi kubwa.

Mazoezi nakuachia maneno machache kwa sababu unaonekana unayajua. Milima ya Kigoma imekupa nguvu lakini Berlin ni tambarare kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na tambarare inachosha misuli ileile bila kuipumzisha, kwa hiyo zile mbio zako ndefu zifanye sehemu zisizo na vilima, ufike kilomita 30 au 32 wiki tatu kabla, halafu upunguze. Kiangazi chenu cha Juni mpaka Septemba kinakufaa sana, toka alfajiri kabla bodaboda hazijachangamka. Na pale mnaposubiri kuanza asubuhi kunaweza kuwa na baridi ambayo mtu wa ziwani hajaizoea, vaa sweta la zamani ambalo hutalihitaji tena ulivue ukianza. Saa za kule ziko nyuma yetu saa moja tu mwezi huo, usingizi hautawasumbua.

SWALI

Dada shikamoo. Mume wangu ni mkimbiaji na namuunga mkono, ila kila likizo yetu ni mbio zake. Dar tumeenda kwa mbio, Mwanza kwa mbio, mimi na watoto watatu kazi yetu kushika begi na chupa za maji kwenye jua. Sasa anasema Februari twende Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon na mimi nataka kumwambia aende mwenyewe. Nakosea?
Mama Watatu, Isevya, Tabora

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Hukosei, na wala usijione mbinafsi.

Wakimbiaji wengi, hasa wenye watoto, wanahesabu mbio kuanzia siku ya mbio. Hawahesabu zile Jumamosi zote za miezi minne ambazo mtu alitoka saa kumi na moja alfajiri akarudi saa nne amechoka, akala akalala. Hizo asubuhi nani alikuwa anawavalisha watoto, nani alienda sokoni, nani alikaa na mwenye homa? Ni wewe. Kwa hiyo medali ile nusu ni ya kwako na mimi namwambia mumeo hivyo hapa gazetini, asome mwenyewe.

Kabla hujamwambia aende peke yake, mpe sharti. Moshi kuna kilomita 42, kuna 21, na kuna 5 za kujifurahisha ambazo mtu yeyote anaweza hata kwa kutembea. Mwambie namba tatu au nne za hizo 5 zilipiwe pamoja na yake, wewe na watoto wanaoweza, mvae na nyie namba vifuani. Kutoka kushika chupa mpaka kuwa mshiriki ni tofauti kubwa sana, watoto hasa. Mkiamua kwenda basi ondokeni Tabora mapema, basi linapita Singida, Babati, Arusha, ni siku nzima barabarani na watoto wanachoka, fikeni Alhamisi usiku au Ijumaa, na chumba kitafutwe miezi kabla maana wiki ile Moshi hakuna kitanda.

Sharti la pili ni kwamba siku mbili baada ya mbio ni zenu. Chemka kuna maji ya chemchemi ya kuogelea, watoto hawatataka kutoka, na Materuni kuna maporomoko na kahawa ya Wachaga wanaikaanga na kuitwanga mbele yenu. Huko yeye ndiye abebe begi. Na sharti la tatu ambalo mimi ningelisimamia kuliko yote, likizo moja kati ya mbili isiwe na mbio yoyote. Mnaweza kwenda kwa bibi yao kijijini, mnaweza kukaa hapohapo Tabora mkale maembe, haijalishi, ila raba zibaki uvunguni. Akikataa yote matatu hapo mwache aende mwenyewe, wewe na watoto mpange ya kwenu, na usijisikie vibaya.

SWALI

Dada mambo, mimi ni kijana wa Ujiji nina miaka 22, nimekimbia 21 mara kadhaa. Hizi mbio kubwa za miji ya nje mtu wa kawaida anapataje nafasi? Kuna jamaa ananiuzia namba yake.
Kijana wa Ujiji

JIBU

Poa. Usinunue hiyo namba, anza na hilo. Mbio hizi kubwa namba ni ya aliyesajiliwa na anaichukua mwenyewe na kitambulisho, utalipa nauli mpaka huko urudi hujakimbia.

Njia halali ni hizi. Droo ndiyo ya watu wengi, ila uvumilivu unahitajika, London ya 2026 waombaji walizidi milioni 1.1. Kuna kuingia kwa muda, Boston ndiyo maarufu kwa hilo, lazima uwe umeshakimbia marathoni kwenye mbio inayotambulika na muda wako uwe chini ya ule wanaoutaka kwa umri wako. Kuna nafasi za taasisi za hisani, unaahidi kuchangisha kiasi fulani, na kwa pesa za kwetu ni nyingi kwa hiyo soma masharti vizuri kabla hujasaini. Na kuna kampuni za safari zinazouza nafasi pamoja na hoteli, hizo ziko kwenye orodha ya waandaaji wenyewe, kama haipo kwenye hiyo orodha achana nayo.

New York ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, na usiku wa kuamkia Jumapili hiyo ndipo wanarudisha saa nyuma kwa saa moja, ukienda na familia waambie mapema maana simu itabadilika yenyewe lakini saa ya mkononi haibadiliki.

Wewe kwa umri wako sikiliza, kimbia kwanza 42 moja hapa nchini upate muda rasmi wenye cheti, tafuta pasipoti sasa hivi usisubiri nafasi itoke, halafu droo ya Berlin huwa inafunguliwa vuli, muda si mrefu baada ya mbio za mwaka huo kuisha, na kujaza jina hulipi kitu mpaka uchaguliwe.